Mtu Peke Yake Baharini: Tuvisomeje Vitabu vya Mabaharia Wapweke?

Vijana wetu wa sekondari hapa Newala, na wenzao wa Masasi, wametokea kupenda vitabu vya watu waliovuka bahari kuu wakiwa peke yao. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, vimechakaa, vingine havina majalada, navyo hupita mkono kwa mkono hata mwenyewe hajulikani ni nani. Si ajabu mtoto wa Lindi au wa Kilwa kupenda habari za bahari. Ajabu ni huyu wa mlimani, ambaye pengine hajapata kukanyaga mchanga wa pwani, naye hukaa barazani baada ya Isha akibishana na wenziwe juu ya tanga na usukani. Wanalolibishania ni swali moja, nami nimeulizwa mara nyingi hata nikaona afadhali nilijibu kwa kalamu. Mtu akiwa peke yake katikati ya maji siku sitini, siku sabini, au zaidi ya mia tatu, ni kitu gani kinachomshika moyo usivunjike?

Jawabu lao wenyewe ni kwamba ni ushujaa. Mimi nimevisoma vitabu vitano vya namna hii, na jawabu hilo sikuliona hata katika kimoja. Nilichokiona ni kwamba hapana hata mmoja katika watu hawa aliyeweza kukaa peke yake. Kila mmoja alijitafutia wa kukaa naye, na tofauti baina ya waliofika salama na asiyefika imo katika huyo waliyemchagua.

Kabla ya kwenda baharini tuanze hapa hapa mlimani. Mwaka 1906, vumbi la Vita vya Maji Maji halijatulia, alikuja Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu, akakaa Masasi, kisha Newala na Mahuta. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Humo aliandika hekaya ya asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa. Zamani alikuwako mtu mmoja porini, hana mwenziwe, haogi wala hanyoi nywele. Mtu huyo akatwaa mti, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, na usiku ule sanamu ikawa mtu hai, akawa mkewe. Wakashuka mto Ruvuma, wakaoga, mke akazaa mtoto maiti. Wakahama, akazaa maiti tena. Walipopanda huku juu ndipo mtoto akaishi.

Mwislamu hasadiki kwamba mti huwa mtu kwa mkono wa kiumbe, kwani kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hekaya tunaisoma kama hekaya. Aghalabu watu husema kwamba hii ni habari ya asili ya uchongaji, sanaa iliyowapa Wamakonde jina duniani kote. Mimi naiona kuwa ni habari ya ukiwa. Mtu yule hakuchonga silaha wala chombo cha kulia chakula, ingawa hapana shaka vyote alivihitaji. Mkono wake ulichonga mwenzi kwanza. Na tazameni lile la kutooga: asiye na mtu wa kumwona huacha kwanza kujitunza. Wazee waliolitunga jambo hili walimjua mpweke.

Sasa twende baharini. Kitabu cha kwanza, na kwangu ndicho bora, ni cha Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Kanada aliyekuwa raia wa Marekani. Aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895 katika mashua aliyoiunda upya kwa mikono yake, jina lake Spray, urefu wake kama mita 11, akaizunguka dunia nzima peke yake, na kurejea Marekani tarehe 27 Juni 1898. Kitabu kilitoka mwaka 1900. Hakuwa kijana, alikuwa amekwisha pita miaka hamsini, na kuogelea hakujua.

Mambo ya tanga na upepo huyaeleza upesi upesi, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Anapokaa kitako ni pale anaposimulia jinsi ukiwa ulivyomwingia siku za mwanzo, ukungu ulipotanda na nchi kavu ikapotea nyuma yake. Aliogopa kwamba sauti yake itakufa kwa kutotumika. Basi akawa anatoa amri kwa nguvu, anamwuliza mshika usukani chombo kimeelekea wapi, ilhali usukani hauna mtu. Akaimba, na anasema kwamba pomboo waliruka kwa kumsikia. Mwezi ulipochomoza aliusalimia kama mtu amsalimiavyo jirani yake.

Kisha likamfika lile ambalo vijana hulisoma mara mbili mbili. Baada ya kutoka visiwa vya Azores alikula jibini na matunda, tumbo likamkamata, akaanguka ndani ya chombo hana fahamu huku dhoruba inavuma. Alipozinduka akachungulia nje, akamwona mtu mrefu ameshika usukani. Mtu yule akamwambia kuwa yeye ni rubani wa Pinta, jahazi mojawapo katika yale ya Columbus ya mwaka 1492, na kwamba amekuja kumsaidia. Palipopambazuka mashua ilikuwa imekwenda njia yake barabara usiku kucha.

Hapa barazani huzuka maneno. Huyu anasema ni jini, yule anasema ni homa. Mimi sioni haja ya kuamua. Kwa mhakiki lililo kubwa ni kwamba Slocum, mzee wa bahari mwenye heshima zake, ameandika jambo ambalo lingeweza kumfanya aitwe mwenda wazimu, wala hakulificha. Naye ni ndugu wa yule mchongaji wetu wa porini, kwani mwenzi alipokosekana alimchonga. Lakini hakumchonga wa kumsifu. Alimchonga rubani, mtu wa kazi, anayeijua bahari kuliko yeye, naye akalala na kumwachia usukani. Katika ugonjwa wake alikiri kwamba anahitaji msaada, na kukiri huko ndiko kunakokifanya kitabu hiki kisomeke hata leo.

Yako mengine ndani yake ya kumfurahisha msomaji wa pwani, maana mzee huyu alivuka bahari yetu hii ya Hindi mwaka 1897. Alipita visiwa vya Keeling, ambako wakazi Wamalei ni Waislamu, na watoto wa huko walimwona akila kitu cheusi chunguni wakakimbia wakidhani anakula lami. Alipita Rodrigues, ambako padri alikuwa amekwisha waambia watu habari za Masihi Dajjal, na walipoiona mashua yenye mtu mmoja wakapiga kelele kwamba ndiye huyo kafika. Na Durban alikutana na Stanley, yule yule aliyechukua wapagazi kwa mamia kutoka Unguja kwenda bara. Stanley akamsaili kuhusu usalama wa chombo chake kikigonga mwamba. Nilicheka niliposoma. Mtu asiyepata kutembea siku moja bila safu ya watu nyuma yake, naye anatoa ushauri kwa aliye peke yake!

Vitabu viwili vinavyofuata ni vya madaktari, nami navisoma pamoja kwa kuwa cha pili ni kama kumjibu wa kwanza. Alain Bombard, Mfaransa, alidai kwamba wengi wanaovunjikiwa chombo hawafi kwa njaa wala kiu. Wanakufa mapema zaidi, kwa kukata tamaa. Ili kulithibitisha alijiingiza mwaka 1952 katika kimashua cha mpira, akaondoka visiwa vya Kanari tarehe 19 Oktoba na kufika Barbados tarehe 23 Desemba, siku 65. Alikonda vibaya. Katikati ya safari aliandika wasia wake, na meli moja iliyomkuta ilimjulisha kwamba yuko mamia ya maili nyuma ya alipodhani. Alichosema juu ya kukata tamaa nakikubali. Alichosema juu ya kunywa maji ya bahari kidogo kidogo wengine walikipinga, wala asijaribu mtu.

Aliyempinga kwa vitendo ni Hannes Lindemann, Mjerumani, aliyefanya kazi ya udaktari Liberia. Mwaka 1955 alivuka Atlantiki kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa huko huko Liberia, jambo ambalo watu wa mitumbwi wapaswa kulijua, na mwaka 1956 akavuka tena kwa kidau cha kukunja chenye gamba la turubai, siku 72. Kwa swali letu huyu ndiye mwenye mengi, kwani aliufanya moyo kuwa jambo la kujiandaa nalo kama maji na chakula. Kabla ya kuondoka, miezi kadhaa, alijizoeza kuyakariri maneno machache kila siku: kwamba atafika, kwamba aelekee magharibi, kwamba asiache. Akayakariri mpaka yakazama ndani, yakawa yanajisema yenyewe. Karibu na mwisho wa safari kidau kilipopinduka usiku naye akaning'inia juu ya tumbo lake gizani mpaka asubuhi, maneno hayo ndiyo yaliyobaki alipokuwa hana akili ya kufikiri neno jipya.

Msomaji Mwislamu hawezi kuyapita haya bila kusimama. Nini hicho, kama si jambo linalofanana na dhikri na uradi? Sisi wa kusini tumeijua dhikri ya Kadiria na ya Shadhilia tangu siku za babu zetu, na mtoto wa madrasa hujua kwa nini tasbihi ina punje nyingi wala si moja. Daktari yule aligundua kwa taabu yake kwamba neno la siku ya dhiki halitungwi siku ya dhiki.

Na hapo ndipo kilipo kisa cha Nabii Yunus (A.S.), mpweke wa baharini kuliko wote hawa, aliyekuwa katika giza la tumbo la samaki, na giza la bahari, na giza la usiku. Katika Surat As-Saffat Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba lau asingalikuwa miongoni mwa wenye kumsabihi, angalikaa humo mpaka siku ya kufufuliwa. Wako wafasiri waliosema kwamba kusabihi huko ni kule kwa zamani, alipokuwa katika raha. Maombi aliyoyaomba mle ndani yametajwa katika Surat Al-Anbiyaa, na nyumba nyingi za pwani huyasoma wakati wa shida. Tuyaangalie yamepangwaje. Yanaanza kwa upweke wa Mungu, yanafuata kwa kumtakasa, na yanamalizikia kwa mwombaji kukiri kosa lake. Hamna ndani yake neno la kusema kwamba mimi nitafika. Hapa ndipo ninapotofautiana na Lindemann, bila ya kumvunjia heshima. Neno lake lilikuwa kweli neno, na lilimfikisha, lakini mwisho wake ni yeye mwenyewe. Mtu akijisemesha nafsi yake hubaki na mwenzi mmoja tu, naye ni yule yule aliyechoka.

Robin Knox-Johnston sitakaa naye sana, ingawa ndiye aliyefanya kubwa. Katika mashindano yaliyoandaliwa na gazeti moja la London aliondoka Uingereza mwezi Juni 1968, akaizunguka dunia bila ya kutia nanga bandari yoyote, akafika tarehe 22 Aprili 1969, siku 312. Redio yake iliharibika, na miezi ikapita hapana ajuaye kama yu hai. Chombo chake chaitwa Suhaili, neno ambalo halina haja ya kufasiriwa kwa mtu wa pwani. Kiliundwa Bombay kwa mti wa msaji na mafundi wa tezo, nacho kilishuka pwani hii ya Afrika Mashariki kuelekea Afrika ya Kusini kabla ya kuonwa Uingereza. Maji ya kunywa aliyoyachukua yaliharibika, akawa anakinga mvua kwa tanga. Kurasa hizo mtu wa Newala anazisoma kwa jicho jingine. Mlima wetu ni mchanga mtupu, maji ya mvua hupotea chini, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 mama zetu waliteremka genge la Ruvuma na kupanda na mitungi vichwani. Hawa hawakuhitaji kufundishwa jinsi mtu anavyoweza kukikodolea macho kiwingu kimoja.

Kitabu chake ni cha mtu wa kazi. Moyo ukimwanguka hutafuta cha kutengeneza, akazama chini ya chombo kukalafati mahali panapovuja, akatoka baridi imemshika na huzuni imemwacha. Hilo ni fundisho zuri. Mvinyo aliouchukua, na anausifu kwa kumliwaza, hilo tumwachie mwenyewe. Daktari wa akili aliyempima kabla na baada ya safari hakuona mabadiliko yoyote, na kwa kweli hata msomaji haoni, na hiyo ndiyo kasoro ya kitabu. Mtu amekaa na bahari siku 312, akarudi na maneno yale yale aliyoondoka nayo.

Katika mashindano hayo hayo alikuwamo Donald Crowhurst, na habari zake ziliandikwa na Nicholas Tomalin na Ron Hall katika kitabu cha mwaka 1970. Hiki vijana hawakipendi. Wananirudishia wakisema kwamba kinahuzunisha. Nami nasema ndicho cha kusomwa kwa makini kuliko vyote.

Crowhurst alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya kuongozea mashua, mwenye mke na watoto wanne, aliyekopa kwa masharti yaliyoweza kumfilisi kama angeshindwa. Aliondoka tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, katika chombo ambacho hakikuwa tayari. Baada ya wiki chache akajua kwamba hakitahimili bahari ya kusini. Kuendelea ni kufa, na kurudi ni kufilisika na kuchekwa. Akachagua njia ya tatu. Akazunguka zunguka katika Atlantiki ya kusini, akapeleka kwa redio habari za uwongo za mahali alipo, kisha akanyamaza miezi, huku akitayarisha batli ya uwongo, yaani daftari ya safari ambayo hakuifanya. Nia yake ilikuwa kujiunga na wenziwe wakati wa kurudi na kufika nyuma yao, ili asiwepo wa kuichunguza batli yake.

Kwa majaliwa haikuwa hivyo. Mwenzake mmoja, Nigel Tetley, aliyekuwa amekwisha maliza karibu safari yote, aliambiwa kwamba Crowhurst yuko nyuma yake anakuja mbio. Akakilazimisha chombo chake kilichochoka mpaka kikazama mwezi Mei 1969, naye akaokolewa. Uwongo wa mtu aliye mbali ulizamisha chombo cha kweli. Hapo Crowhurst akawa ndiye atakayeshinda kwa mwendo wa kasi, na ushindi ndio aliouogopa kuliko kushindwa. Akaandika kurasa na kurasa za maneno ya mtu aliyepotewa, mpaka tarehe 1 Julai. Tarehe 10 Julai meli ikakikuta chombo chake kinaelea hakina mtu, na zile daftari zimo ndani. Wengi huamini kwamba alijitupa. Dini yetu imeharimisha mtu kujiua, na hukumu ya kila mja iko kwa Mola wake. Kazi ya mhakiki ni kusoma batli tu.

Na batli inasema nini? Bahari haikumvunja. Siku zile zilikuwa za hali nzuri, na chakula kilikuwapo. Kilichomvunja ni kwamba yeye mwenzi wake safarini walikuwa ni watazamaji. Alijichongea watu wa bandarini, wenye bendera na magazeti, akakaa nao miezi minane akiwasemesha, nao hawakuwapo. Slocum alipozungumza na mwezi alijua kuwa ni mwezi. Masheikh wetu wanapotuhadharisha na riya huwa twadhani ni jambo la msikitini, la mtu kurefusha sijida akiona watu. Hapa tunamwona mtu afanyaye riya pasipo jicho hata moja la kumtazama katika maelfu ya maili. Tomalin na Hall wamefanya vyema kwa kutomcheka wala kumtetea. Nao wamesimulia kwamba Knox-Johnston, aliyepata zawadi ya pauni 5,000, alizitoa zote kwa mjane na mayatima wa Crowhurst. Kwangu ukurasa huo wapita siku zake zote 312.

Lipo swali ambalo kijana mmoja wa Masasi aliniuliza kwa upole, nami sitaki kulikwepa: je, Mwislamu afanye safari kama hizi kwa kujitakia? Katika Sahihi ya Imam Bukhari imo hadithi, kwa mapokezi ya Ibn Umar, ya kuonya juu ya mtu kusafiri usiku peke yake, na katika Abu Daud na Tirmidhi imo nyingine ambayo kwayo watatu ndio huhesabiwa kuwa msafara. Wazee wetu walifuata hivyo baharini na nchi kavu. Misafara iliyotoka bara ikapita chini ya majabali ya Masasi kwenda Lindi haikuwa ya mtu mmoja. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 kuja Unguja na Rufiji, ameeleza jinsi kazi ya kupandisha tanga ilivyokwenda kwa nyimbo na siku ilivyogawanywa kwa sala. Hata Ibn Tufayl, aliyefariki mwaka 1185, alipomtunga Hayy, mtoto aliyekua peke yake kisiwani hata akamjua Mola wake kwa akili, hakumwacha hivyo mpaka mwisho. Alimletea Absal, wakaabudu wawili.

Basi kujitafutia upweke ili upate kikombe ni jambo moja, na kujaribiwa kwa upweke ni jingine. Poon Lim, Mchina, mtumishi katika meli ya Waingereza iliyozamishwa mwezi Novemba 1942, alielea peke yake juu ya chelezo siku 133 mpaka wavuvi wa Brazil wakamwokota. Alipoambiwa kwamba hajatokea mtu aliyeishi muda mrefu hivyo juu ya chelezo, alijibu kwamba anatumai hatatokea mwingine wa kulazimika kumpita.

Siku 133! Zihesabuni, ndugu wasomaji, mtaona zinakipita kwa siku chache tu kipindi mnachokijua vyema majumbani mwenu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika hesabu yote ya vitabu hivi, hiyo ndiyo safari ninayoweza kuiona nikiwa hapa Newala bila kufungua ukurasa. Nimekuta hapa desturi nzuri, ya jirani wanawake kupeana zamu kulala nyumbani kwa mwenye eda, mmoja akileta kunde za kuchambua, mwingine akileta mtoto mchanga ambebe. Lakini naona inavyopungua. Siku tatu za matanga nyumba hujaa hata pa kuketi hapana, arobaini hujaa tena, na baina yake na baada yake mwanamke husikia mlango wake mwenyewe unavyolia. Wanawe wako Mtwara, au Dar es Salaam katika chumba cha kupanga, au binti yuko Uarabuni katika nyumba ya watu ambao lugha yao hajaijua. Kila mmoja yuko katika kimashua chake. Kisha sisi hukaa barazani tukimstaajabia Mmarekani aliyeusalimia mwezi.

Jando letu lilijua zaidi. Huku mlimani watoto walipotengwa likumbini, wakakatazwa mama zao na nyumba zao, hawakutengwa mmoja mmoja. Walitengwa pamoja, wakafundishwa nyimbo kabla ya kidonda kupona, na walipotoka walipokelewa kwa nguo mpya. Hilo la kupokelewa limo pia katika kisa cha Nabii Yunus, nasi hulisoma haraka. Alipotupwa ufukweni ni mgonjwa, Mwenyezi Mungu alimwoteshea mmung'unye wa kumfunika. Kivuli kwanza, na baadaye ndipo watu laki moja au zaidi. Slocum hakupata kivuli cha kumtosha nchi kavu. Aliondoka tena peke yake mwaka 1909, na hakuonekana.

Nimeambiwa kwamba wako walimu wawili wanaofikiri kukifasiri kimojawapo cha vitabu hivi kwa Kiswahili, kama wazee walivyotufasiria Kisiwa Chenye Hazina. Wakitaka rai yangu, waanze na Slocum. Wasikifupishe kwa ajili ya shule. Wasimwondoe rubani kwa kuogopa maneno ya jini, wala mbuzi aliyekula ramani yake, wala lile la Dajjal. Maneno ya chombo wasiyaazime Uingereza, kwani Kiswahili kinayo tele: omo na tezi, foromali na demani, shuwari na matlai. Waende Mikindani au Kilwa wakakae na manahodha wiki moja. Na wakifika pale anapotoa amri kwa sauti kubwa na usukani hauna mtu, waziandike amri hizo kama nahodha wa Kilwa angezitoa.